Maadili yametoka kwa Mungu au kwa watu? Maswali ninayoulizwa kila siku

Haya maswali nimeyaokota kijiwe cha kahawa hapa Magomeni ninapokaa jioni, na mengine kwa wanafunzi wangu wa tuisheni wa kidato cha tano na sita ambao wakishachoka na mada ya siku wanajua wakinirushia hili ntaacha kila kitu nianze kuongea. Ili usihangaike kunitafutia upande, mama yangu ni Muislamu wa Kilwa na baba ni Mkatoliki wa Songea, nyumbani tulikula Idi na tulikula Krismasi, na viboko vya kusema uongo vilikuwa vile vile mwaka mzima.

Kwanza tunaongelea nini hasa?

Tunaongelea kile kitu kinachokukereketa rohoni konda akizidisha chenji na wewe ukanyamaza, ukashuka nayo. Hakuna polisi aliyeona, konda mwenyewe hajajua, lakini mpaka unafika kwako bado unaifikiria ile elfu mbili.

Watu wa kijiweni wanapenda kuanzia kwenye maneno. Dhambi, thawabu, haramu, yote ya Kiarabu na yamekuja na dini, hata adabu, heshima, haya na aibu nayo asili yake huko huko. Utu ndo letu, la Kibantu, limetoka kwenye mtu, na mwiko hali kadhalika. Basi kuna jamaa anaruka juu anasema unaona, utu ulikuwepo kabla ya dini! Taratibu bwana, na Mungu nalo ni neno la Kibantu, ndugu zake akina Mulungu wapo kwenye lugha kibao za huku kwetu, kwahiyo lugha haikupi ushindi hapa, wala wewe wala mwenzako.

Jibu lako fupi ni lipi? Nina haraka.

Maadili yamezaliwa pale watu walipolazimika kuishi karibu na kutegemeana, alafu dini ikaja ikayapa uzito, ikayapa macho ya usiku wakati hakuna jirani anayeona, na ikayafikisha kwa watu ambao sio ndugu zako wala kabila lako. Nikisema hivi Waislamu wananiambia nimeshakuwa Mkristo, Wakristo wananiambia nimekuwa mpagani. Ila vitabu vyao vyenyewe vinanipa sapoti, vumilia kidogo ntafika.

Kwahiyo kabla ya msikiti na kanisa babu zetu waliishi kama wanyama?

Hili swali linanikera, nisamehe nikijibu kwa ukali. Uislamu upo Pwani zaidi ya miaka 1,000, lakini bara sehemu nyingi kanisa limeingia karne ya 19, wamisionari wa Bagamoyo wamefika 1868. Unataka kuniambia bibi wa bibi yangu kule Ungoni hakujua kwamba kumwibia mjane mahindi ni ubaya? Walikuwa na jando na unyago, walikuwa na miiko, walikuwa na wazee wa kukaa chini ya mti wakasuluhisha. Ni kweli pia walikuwa na dini zao, mizimu na matambiko, kwahiyo ukisema "kabla ya dini" inabidi uulize dini ipi.

Mfano mzuri zaidi upo hapa hapa Tanzania, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Hawana mahekalu, hawana mapadri wala masheikh wao, hawana kitabu, na watafiti waliokaa nao miaka na miaka wanasema habari ya mungu anayewaandikia watu makosa ili awahukumu wakifa haina nafasi kubwa kwao. Lakini mnyama mkubwa akiangushwa porini nyama inagawanywa kambi nzima, aliyeua hawezi kujifungia na paja lake. Anayefanya uchoyo anasemwa, anachekwa, akizidi wenzake wanahama wanamuacha, na porini kuachwa peke yako sio mchezo. Hiyo ndo polisi yao na mahakama yao.

Usije ukaondoka hapa unasema Wahadzabe ni malaika, wanagombana kama sisi. Nachosema ni kwamba sheria ya kugawana hawakuipata mimbarini.

Kitu ni kizuri kwa sababu Mungu kaamuru, au Mungu kaamuru kwa sababu ni kizuri?

Swali la zamani kuliko makanisa yote. Mwanafalsafa Plato wa Ugiriki kaandika mazungumzo ambayo mwalimu wake Sokrates anakutana nje ya mahakama na jamaa anaitwa Euthyphro, na huyu jamaa kaja kumshtaki baba yake mzazi kwamba kasababisha kifo cha kibarua. Baba yako! Hapa Dar ungetengwa na ukoo kabla hakimu hajafungua faili. Sokrates anamuuliza mbona una uhakika hivyo kwamba ni sawa, jamaa anasema ni sawa kwa sababu ndo miungu inachopenda. Ndo Sokrates akamrushia: miungu inakipenda kwa sababu ni chema, au ni chema kwa sababu miungu inakipenda? Jamaa akazunguka weee, mwisho akasema ana haraka akaondoka.

Ona ugumu wake. Ukisema ni chema kwa sababu tu kimeamriwa, basi kesho ikiamriwa kudhulumu yatima inakuwa vyema, na neno "Mungu ni mwema" linabaki halina maana, maana umesema tu Mungu anafanya anachofanya. Ukisema Mungu kaamuru kwa sababu tayari ni chema, basi wema una mguu wake wa kusimamia na mtu anaweza kuuona hata kabla hajasoma.

Wanafunzi wangu Waislamu wanadhani huu ni mchezo wa Wazungu, hapana. Wanazuoni wa Kiislamu wamebishana hili hili kwa karne kadhaa, kundi la Muutazila wakisema akili ya binadamu inaweza kujua jema na baya yenyewe, kundi la Ashari wakisema wema na ubaya unajulikana kwa ufunuo, na Maturidi wakakaa katikati kwa namna yao. Wote ni watu wa swala tano. Kwahiyo mtu akikuambia ukiuliza tu umeshatoka kwenye dini, mwambie akasome historia ya dini yake. Upande wa Wakatoliki Thomas Aquinas karne ya 13 alishasema kuna sheria ya maumbile ambayo akili inaiona yenyewe, na hakufukuzwa, wakamfanya mtakatifu.

Biblia na Kurani zenyewe zinasemaje?

Paulo kwenye Warumi sura ya 2 anasema mataifa wasio na torati wanafanya kwa asili yao mambo ya torati, kazi ya sheria imeandikwa mioyoni mwao. Soma mwenyewe mstari wa 14 na 15. Kurani sura ya 91, Ash-Shams, inasema nafsi imefahamishwa uovu wake na uchamungu wake, haisemi nafsi ya Muislamu, inasema nafsi. Alafu kuna hadithi mashuhuri ya Mtume kwamba ametumwa kukamilisha tabia njema, na kitu unakikamilisha kikiwa tayari kimeshaanza.

Ila mimi naipenda zaidi stori ya Hilful Fudhul, kiapo cha watu wa Makka cha kutetea waliodhulumiwa, na kila nikiisimulia kijiweni mzee mmoja fundi cherehani anaacha kunywa kahawa. Mfanyabiashara kutoka Yemen kaleta mali Makka, bwana mkubwa mmoja wa Kikureishi, kabila lililoshika Makka, kachukua mzigo wote alafu akagoma kulipa. Mgeni hana ukoo pale, hana wa kumtetea, akapanda kilimani karibu na Kaaba akapaza sauti kulia dhuluma. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka mzigo Kariakoo kwa mali kauli akaambiwa "njoo kesho" miezi mitatu anajua yule mtu alijisikiaje. Basi koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Judaan wakaapa kwamba yeyote atakayedhulumiwa Makka, mwenyeji au mgeni, watasimama naye mpaka haki yake irudi. Na wakamfuata yule bwana mkubwa, mali ikarudi.

Huu ni wakati wa jahiliya, Kurani haijashuka, masanamu yamejaa Kaaba. Muhammad alikuwepo kwenye kiapo kile akiwa kijana, na baada ya utume alisema kwamba akiitwa kwenye kiapo kama kile hata ndani ya Uislamu angeitikia. Sasa niambie wale watu walitoa wapi haki?

Bila kuogopa moto nini kitamzuia mtu kuiba?

Nikujibu kwa swali, ukienda msikitini unaacha wapi viatu vipya? Kila mtu Dar anajua jibu, unavifunga kwenye mfuko unaingia navyo, au unavaa ndala zilizokatika makusudi. Kwenye mkesha wa kanisa nako wanatangaza shikeni simu zenu. Yaani pale pale ambapo moto unahubiriwa kwa spika ndo tunalinda vitu vyetu zaidi.

Alafu angalia wewe mwenyewe. Mara ya mwisho hukuiba, uliwaza moto? Wengi wetu tumewaza "mama akisikia". Au hatujawaza kabisa, mkono haukwenda tu, kwa sababu tumelelewa hivyo toka tunakunjika, samaki angali mbichi. Na zipo nchi kama Denmark na Japani ambako wanaosema dini ni muhimu sana kwao ni wachache na bado unaweza kusahau pochi kwenye treni ukairudia. Sisemi ni kwa sababu hawasali, wana vitu vingine, mishahara, mahakama zinazofanya kazi, kuaminiana kwa muda mrefu. Nasema tu ule utabiri kwamba watu wakiacha kusali watakulana haujatokea huko.

Eti hata nyani wana maadili?

Sio nyani wote na sio maadili kamili. Mwaka 2003 watafiti Sarah Brosnan na Frans de Waal walichapisha jaribio la tumbili wadogo wanaoitwa kapuchini: wawili wanafanya kazi ile ile ya kurudisha kijiwe, wote wakilipwa tango wanaridhika, lakini mmoja akianza kulipwa zabibu mwenzake anagoma, saa ingine anakataa hata lile tango. Kuna wanasayansi wamebisha tafsiri yake. Ila mtu yeyote aliyegundua mwenzake wa ofisini anamzidi mshahara kwa kazi ile ile anamwelewa yule tumbili bila kutafsiriwa.

Kama maadili ni ya jamii, basi jamii ikikubaliana kumchoma mwizi ni sawa?

Hili ndo swali linalonikosesha usingizi, na wanaonishinda kijiweni huwa wananishinda hapa.

Nisimulie kitu nilichokiona. Jioni moja karibu na kituo, simu imechomolewa kwa dada mmoja, "mwizi!", na ndani ya dakika kijana yuko chini, miaka kumi na saba hivi kwa kumkadiria. Mawe, mateke, mtu anaulizia tairi, mwingine kakimbilia kwa bodaboda kuomba petroli. Nilisimama pale kama mti, nakiri. Na niliwaangalia waliokuwa wanapiga, mmoja ana kofia ya kutoka swala ya magharibi, mwingine rozari imening'inia shingoni inacheza kila akirusha teke. Wote wameambiwa usiue toka wadogo. Na jamii nayo ilikuwepo yote, mtaa mzima, na mtaa mzima umekubali.

Aliyezuia ni mama mmoja anauza chapati pale. Hakusema Mungu, hakusema sheria, alitoka na mwiko wa kugeuzia chapati mkononi akasimama juu ya yule mtoto akafoka, "Mkimuulia hapa nani atakula chapati zangu kesho? Damu mtaosha nyie? Mkaueni huko mbele ya biashara zenu!" Watu wakacheka. Yaani wakacheka katikati ya kile kitu, na ukishacheka huwezi kuendelea kuua, mkono unakuwa mzito. Wakatawanyika wakinung'unika. Baadaye nikamuuliza mama kwani hasara ya meza ndo kitu kilichokutoa pale, akaniangalia kama mtu mjinga, "Ningesema Mungu anawaona ungedhani wangenisikia? Mwanangu ana umri ule."

Sasa nirudi kwenye swali. Mtu akisema maadili ni chochote watu wengi walichokubali siku hiyo, basi ndio, kumchoma mwizi ni haki, na mimi hiyo nadharia naikataa. Nachosema mimi ni kwamba maadili ni masharti ya kuishi pamoja, na kundi la watu linaweza kuyavunja masharti yake lenyewe likiwa na hasira. Kila aliyekuwa pale, mwanae akishikwa kimakosa Mbagala au Tandika, angetaka aulizwe kwanza, apelekwe kituoni, asikilizwe. Kanuni ambayo unaitaka kwa mwanao lakini unamnyima mtoto wa mwenzio haisimami. Mama chapati kaiona hiyo kwa sekunde moja, mimi nimeisomea.

Na wanaosema dini ingezuia, dini ilikuwepo, imevaa kofia na rozari. Tena ukifuata dini kwa usahihi wizi una ushahidi na una kadhi, sio tairi. Wale jamaa hawakuwa wanafuata dini wala jamii, walikuwa na hasira ya kuibiwa miaka yote na polisi kumwachia mtu kesho yake, na hiyo hasira siidharau hata kidogo.

Nani alikomesha utumwa, dini au watu?

Wote, na wote waliuendesha. Ukienda Mkunazini Unguja utakuta kanisa kuu la Anglikana limejengwa pale pale palipokuwa na soko la watumwa, soko limefungwa 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Utumwa wenyewe kisheria Zanzibar umeondolewa 1897, na Tanganyika tumesubiri mpaka 1922. Waliopigania kukomeshwa Uingereza wengi wao walikuwa Wakristo wa moyo kabisa, Wakweka, dhehebu dogo la Kikristo, na akina Wilberforce yule mbunge. Lakini wenye mashamba ya miwa Marekani nao walikuwa kanisani kila Jumapili, wakisoma Waefeso panaposema watumwa watiini bwana zenu. Na huku kwetu bwana wa karafuu na mtumwa wake walisali kibla kimoja, wakati Kurani imejaa aya za kuhimiza kuacha huru watumwa, hata kafara ya kiapo ukivunja.

Aya za kuachia huru zilikuwepo muda wote na aya za kuvumilia zilikuwepo muda wote. Kitu gani kilimfanya huyu achague hizi na yule zile? Hicho kilichochagua ndo ninachokitafuta mimi, maana kilikuwa ndani ya mtu kabla hajafungua kitabu. Leo hutampata sheikh wala mchungaji Dar anayehubiri kununua watu, na kitabu hakijabadilika hata nukta.

Dini si ndo imeua watu wengi? Au wasioamini ndo wameua wengi?

Mchezo huu siuchezi. Rwanda 1994 nchi ilikuwa ya Wakristo kwa wingi na watu waliuawa ndani ya makanisa waliyokimbilia, Ntarama, Nyamata, mpaka padri akahukumiwa na ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Stalin wa Urusi ya Kisovieti na Pol Pot wa Kambodia nao hawakuwa na Mungu na waliua watu kwa halaiki. Na hapo hapo Rwanda kuna mapadri na Waislamu waliokufa wakificha majirani.

Kwahiyo dini haina kazi?

Ina kazi kubwa, wanaonielewa vibaya wanaishia hapa. Utu wa ukoo unaishia kwenye ukoo. Kijijini utamsaidia binamu yako kwa sababu kesho atakusaidia, lakini mji wa mamilioni ya watu kama Dar, mtu umekutana naye kwenye mwendokasi hutamuona tena maisha yako yote, kwanini umwachie siti? Dini inamfanya yule mgeni awe ndugu. Nenda Kariakoo mwezi wa Ramadhani karibu na magharibi, mtu hakujui anakushikisha tende na uji. Zaka ina kiwango, ina wakati, ina orodha ya wanaostahili, haisubiri mpaka ujisikie huruma, na huruma yangu mimi ikisubiriwa ijisikie itachelewa.

Ila msiba wa Dar ndo unanifundisha zaidi. Turubai likifungwa mtaani nani anauliza marehemu dini gani kabla ya kutoa mchango? Daftari linapita, mama wa kwaya anakatakata vitunguu na mama wa madrasa, mtani wa marehemu anafanya vituko mpaka wafiwa wanacheka. Sala zikifika kila mtu na zake. Sufuria ni moja.

Hapa kwetu kuna mfano wa maadili yasiyomtaja Mungu?

Ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilicholeta uhuru wa Tanganyika. Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Cheo ni dhamana. Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Wazee wetu waliziimba kama dua, na Mungu hayumo ndani, japo aliyeongoza chama, Nyerere, alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kweli kweli, mpaka kanisa limeanza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Alijua ana chama cha Waislamu, Wakristo na wa mizimu, akatafuta maneno ambayo wote watasimama nayo. Ona pia neno alilokuwa nalo la kukatazia fitina, mwiko, la kwetu.

Na rushwa? Ipo, jamani. Ahadi nazo hazina macho ya usiku.

Mtoto nimfundishe dini kwanza au utu kwanza?

Mfundishe asichukue cha mwenzie leo, ukisubiri upange kipi kwanza atakuwa ameshachukua. Akiuliza kwanini, mwambie "ungekuwa wewe ungejisikiaje", na kama una dini mwambie na Mungu hapendi. Sijaona mtoto aliyeharibika kwa kupewa sababu mbili.

Yule kijana wa simu aliishia wapi?

Wanafunzi hawakubali niondoke bila kusema. Mama chapati alimkalisha chini ya meza mpaka giza lilipoingia, simu ikarudi kwa mwenyewe, akamuosha uso kwa maji ya kunawia wateja akampa chapati mbili na chai ya rangi. Alafu akamwandika kwenye daftari la madeni, chapati mbili, chai moja. Mpaka leo hajalipa, na kila nikipita pale mama ananikumbusha lile deni kama vile nilikopa mimi.